Choo cha Tata Nilichokifukia

Alhamisi. Mvua tangu saa nane mchana, ile ya huku kwetu inayonyesha kama imeajiriwa. Nimeingia nyumbani Sironga soksi zikiwa zimelowa, na sijazivua mpaka sasa.

Leo sina utani, shajara. Nimekuja kutubu.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wananijua kama mama wa hadwea. Nauza mabomba, masinki, taili na vyoo katika duka moja mjini Kisii, huu mwaka wa tisa, na jioni naandika mawili matatu ya nyumba na ujenzi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue choo cha kukalia au cha kuchuchumaa? Mwaka juzi niliandika hapa kwa mbwembwe kwamba cha kukalia ndicho cha mtu mstaarabu, na hasa ndicho cha wazee, kwa sababu ya magoti. Nikaongeza kwamba anayemjengea mzazi wake choo cha kuchuchumaa hampendi. Mmoja wenu akaniandikia kwamba nimemfungua macho.

Namwomba huyo mtu anisamehe.

Nianze na la kazi yangu, maana ndilo jepesi kulisema. Choo cha kuchuchumaa kina faida zake, na nimewaficha wateja kwa miaka kwa sababu kile kingine ndicho kinachofurahisha duka. Ukichuchumaa, mwili unajifungua wenyewe, hakuna kujikamua mpaka mishipa ya shingo isimame. Hakitaki maji mengi. Ndoo moja inatosha, na hapa kwetu maji ya mfereji huja yanapojisikia. Hakina kifuniko cha kuvunjika wala mpira wa tangi wa kuvuja. Unakisugua kwa ufagio na sabuni, kazi imekwisha. Na juu ya yote, hakikugusi. Unakanyaga na viatu vyako, unamaliza, unaondoka, na ngozi yako haijakutana na ngozi ya mtu mwingine yeyote.

Hilo la mwisho nilikuwa nikilitaja dukani kama jambo la vijidudu tu.

Cha kukalia kina raha yake, sikatai. Lakini kile kiti hubaki na joto la mtu aliyetoka. Siku hizi nikiingia baada ya mume wangu na kukikuta na joto, nashtuka nasimama wima. Kwa muda wa pumzi moja nafikiri ni Tata. Nafikiri kwamba hatimaye amekubali kukaa.

Tata ni baba mkwe wangu. Ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba, na mimi nilimwita hivyo tangu siku niliyoolewa. Alikufa mwaka jana, majira kama haya. Ujana wake wote alikuwa karani wa mizani ya majani chai upande wa Itumbe, mtu wa kalamu mfukoni na shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Mama mkwe alitangulia zamani. Tata akabaki peke yake katika nyumba yake ndogo, ng'ambo ya uwanja wetu, na nyuma ya nyumba hiyo, karibu na migomba, kulikuwa na choo chake cha shimo. Kuta za mbao, paa la mabati, sakafu ya saruji yenye tundu. Alikichimba mwenyewe alipokuwa na nguvu.

Sisi tulipomaliza nyumba yetu ya mawe, nilileta choo cha kukalia kutoka dukani, cheupe pe, chenye kifuniko kinachoshuka polepole bila kugonga. Nilikipenda kuliko makochi.

Kisha chama chetu cha akina mama kikapanga kuja kwangu.

Hapa ndipo nimekuwa nikidanganya. Nimejiambia mwaka mzima kwamba niliwaza magoti ya Tata, ambayo kweli yalikuwa yamevimba na kumtesa. Sikuwaza magoti. Niliwaza harufu. Choo kile kilionekana ukiwa getini, kimeinama upande mmoja, na jua likiwaka kilinuka mpaka barazani. Niliwaona wale akina mama, mmoja wao anafanya kazi benki, wakishika pua huku wakitabasamu. Mume wangu Onchari ni mwalimu, hulala hukohuko shuleni wiki nzima na kuja Ijumaa. Alikuwa ameniambia tusubiri Desemba, amchimbie baba yake kingine kwanza. Sikusubiri. Jumatano moja, Tata akiwa kanisani kwenye kikao cha wazee, nilimwita fundi.

Fundi alisimama na sururu yake akauliza, "Na mzee ataenda wapi?"

"Ndani. Kwetu."

"Kwenu, mahali wewe unaenda?"

"Kwani kuna shida gani?"

"Haya, mama. Kazi ni yako."

Kufikia saa tisa shimo lilikuwa limejaa udongo, na mabati yamepangwa vizuri kando ya ua.

Kwa wasio wa huku, nieleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, lakini ni haya yenye sheria zake, na kali kuliko zote ni ile ya baba na mke wa mwanawe. Baba haingii chumba cha kulala cha mke huyo. Hawataji mambo ya mwili wakiwa pamoja. Hawaogi mahali pamoja, na choo kila mmoja ana chake. Mimi niliyajua hayo yote toka utotoni. Lakini nilisoma, naenda kanisani, nauza vyoo. Niliona ni mambo ya nyanya zetu, yatakwisha yenyewe.

Tata aliporudi nilimpokea kwa furaha. Nikamwambia choo chake kilikuwa hatari, kingemwangukia, sasa atumie cha ndani na hata hatakunja magoti. Alikuwa hajawahi kupita sebule yetu. Nilimwongoza mpaka mlango wa choo, nikaufungua, nikawasha taa. Kisha nikafanya kile ninachofanya dukani mbele ya kila mteja. Nilishusha kifuniko, nikaketi juu yake, nikaegemea nyuma kwenye tangi.

"Umeona, Tata? Ni kama kiti tu."

Alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama ukuta wa ushoroba, mahali ambapo hapakuwa na picha wala kalenda.

"Mbuya," akasema. Ni vizuri. Akashukuru, akatoka polepole kwa njia aliyoingilia.

Hakukanyaga tena humo ndani.

Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kazini, kwa hiyo nilidhani anakitumia nikiwa sipo. Nilimpa ufunguo wa nyumba yetu. Onchari alipokuja Ijumaa nilimwambia mvua imekizamisha choo cha baba yake, ardhi imetitia yenyewe, bahati nzuri hakuwemo. Akamshukuru Mungu. Chama kikaja, wakala, wakasifu taili za bafuni.

Miezi iliyofuata Tata alianza kukonda. Chakula cha jioni nilimpelekea nyumbani kwake, na kila mara alisema ameshiba, akanywa maji vijiko viwili vitatu kama mgonjwa. Tukampeleka kupimwa, hawakuona kitu. Halafu watu wakaanza kumwona asubuhi na mapema akikatiza shamba la majani chai kwenda kwa jirani yetu Mama Bosibori. Jioni pia. Mama Bosibori ni mjane anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili, lakini miaka ya nyuma alipika chang'aa, ile pombe haramu, na jina kama hilo halimtoki mtu. Onchari alimuuliza baba yake anafuata nini kule. Tata akajibu ananyoosha miguu.

Onchari alilia siku hiyo. Baba yake, mzee wa kanisa, aanze kunywa akiwa na mvi.

Kanisa nalo likasikia. Wakamwita, wakamwomba apumzike, ampishe mwingine kwenye kiti cha wazee. Tata aliwasikiliza, akawashukuru, akarudi nyumbani na shati lake limefungwa mpaka juu. Hakujitetea. Angejitetea kwa kutaja nini?

Mwezi Mei asubuhi moja aliteleza kwenye udongo mwekundu katikati ya majani chai. Wachuma chai walimkuta ameshika shina la mti kwa mikono miwili. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikaa hospitali wiki tatu, na kila muuguzi alipomletea kile chombo cha kitandani alinyoosha mkono kuniashiria nitoke nje. Nilitoka. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikijiuliza kwa nini mzee ananichukia.

Kwenye mazishi mchungaji alihubiri juu ya kumaliza mwendo vizuri. Hakumtaja mtu. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nikafungua kitabu cha nyimbo.

Tangu hapo sina amani na nyumba hii. Pale nilipofukia, kila mvua kubwa ikinyesha ardhi inabonyea, duara lilelile, kana kwamba kuna mtu chini anavuta udongo. Nimejaza mara nne. Sukuma wiki zimejiotea hapo, pana na nyeusi kwa uzuri, na siwezi kuzila. Ndani, tangi la choo hujijaza lenyewe bila mtu kuvuta maji. Alfajiri ninapojitayarisha kwenda kazini linanguruma, linanyamaza, linanguruma tena. Najua ni mpira, nauza hiyo mipira. Nimeubadilisha mara mbili, na bado linanguruma saa ileile aliyokuwa akitoka kwenda kwa Mama Bosibori.

Nilishaanza kuhisi, nisiseme uongo. Nilikuwa sijaambiwa tu.

Leo nimeambiwa. Mchana, mvua ikiwa imepamba moto, Mama Bosibori aliingia dukani akitoka sokoni, nailoni kichwani, kikapu kitupu. Hajawahi kuja. Tangu mazishi familia yetu haimsalimii vizuri.

"Nataka slabu ya choo," akasema. "Ya kuchuchumaa. Hizo za kukalia wekea wagonjwa. Na unipatie bomba ya kushika. Ile mti niliwekea mzee imeoza."

Niliuliza mzee gani, na huku nilijua.

"Baba mkwe wako. Magoti ilikuwa inamsumbua kushuka. Nikamchimbia mti hapo mbele, anashika, anashuka pole pole, akimaliza anainuka na yeye mwenyewe."

"Si alikuwa anakuja kwako kunywa?"

Alitua kikapu chake sakafuni. Sikuona hasira usoni mwake, na ningependa ningeiona.

"Kunywa nini, mwanangu? Hiyo kazi niliacha Bosibori akiwa darasa la sita. Mzee alikuwa anakuja choo. Asubuhi na jioni. Akaacha kula usiku, akasema mvua ikinyesha hatafika kwangu. Nikamwambia, ambia watoto wakuchimbie. Akakataa. Akasema mke wa Onchari alifanya kwa roho safi, na akikuja kujua ukweli atajisikia vibaya. Akaniambia nisiwahi kusema. Sasa ni mwaka. Nimechoka kuangaliwa vibaya barabarani."

Sikuweza kuandika risiti, ilibidi mwenzangu aiandike. Mti mmoja. Yale magoti niliyoyageuza kisingizio yalihitaji mti mmoja uliochimbiwa ardhini, na mjane muuza ndizi aliliona hilo bila kuuza choo hata kimoja maishani.

Sasa shajara, ungedhani yaliishia hapo. Jumapili ni kumbukumbu ya mwaka mmoja. Kaburi limeshajengewa saruji, turubai limekodiwa, jamaa wanakuja kutoka pande zote za Nyamira. Onchari amechukua ruhusa shuleni. Nilipoingia jioni hii nilimkuta mezani ameandika hotuba yake ya familia, kurasa mbili, mwandiko wa mwalimu. Akanipa nisome, nimwangalizie makosa.

Ukurasa wa pili umeandikwa hivi: baba yetu alitufundisha hata kwa kuanguka kwake. Kwa niaba yake tunaliomba kanisa msamaha. Vijana, tazameni, pombe haimheshimu hata mzee.

Ningeweza kumrudishia karatasi na kusema ni nzuri. Nataka niliandike hilo hapa waziwazi. Nilienda jikoni, nikaweka chai, nikaifikiria njia hiyo mpaka maziwa yakafurika jikoni kote. Ilikuwa njia rahisi. Tata mwenyewe alikuwa ameninyooshea.

Nikarudi nikamwambia. Nilianza na fundi, nikaja kwenye shimo, kwenye uongo wa mvua, kwenye kifuniko, kwenye mti wa Mama Bosibori. Nilisema yote nikiwa nimesimama na kitambaa cha kufutia maziwa mkononi. Onchari anafundisha sayansi. Huwa anawacheka watu wa ensoni, kwa hiyo nilitegemea anipigie kelele kwa ajili ya uongo wangu. Hakuuliza kuhusu fundi, wala kuhusu Desemba.

"Ulikaa juu yake?" akauliza. "Baba akiwa hapo?"

"Kifuniko kilikuwa kimefungwa."

"Kerubo. Akiwa hapo?"

"Ndiyo."

Akafunika uso kwa mikono miwili kama mtoto. Nilitamani kumshika bega, nikaogopa mkono wangu.

Kisha akachukua kalamu akakata hotuba yote, si ile aya tu, ukurasa wa kwanza na wa pili, mistari minne minne mikubwa. Akachomoa karatasi safi akaisukuma upande wangu.

"Mimi siwezi kusema hii," akasema. "Sikuwa hapo. Utasema wewe." Akavaa buti akatoka kwenda kwa Mama Bosibori, kumwomba akae nasi Jumapili, mbele. Najua ya uongo wangu yatakuja, leo au wiki ijayo. Nayangoja.

Naogopa. Mke wa mwana hasimami kando ya kaburi la baba mkwe akataja choo chake mbele ya wazee, mchungaji na mashangazi. Wako watakaoinamisha vichwa. Wako watakaosema nimemvua marehemu nguo. Na kinachonitisha kuliko wote hao ni Tata mwenyewe. Alikubali kuitwa mlevi na kanisa lake ili mimi nisijisikie vibaya. Nikisema, je, ninamheshimu au ninamnyang'anya kitu cha mwisho alichonifanyia? Nimejiuliza hilo tangu saa kumi na mbili. Nina jibu moja tu, kwamba watu wanamzika mara ya pili Jumapili na safari hii siwezi kukaa mstari wa pili nikanyamaza.

Yule aliyefunguliwa macho na maneno yangu, kama una mzazi, usimwonyeshe choo. Muulize anataka kipi, halafu mtume mtu mwingine akamwulize tena, maana wewe anaweza asikuambie.

Onchari bado hajarudi. Karatasi iko mbele yangu. Nimeandika jina la Tata, majina yote matatu, na chini yake nimeandika nitakachosema kwanza:

Tata hakuwa akienda kunywa. Alikuwa akienda kutafuta choo ambacho mke wa mwanawe hajakikalia, kwa sababu chake nilikifukia mimi.